Ubongo, homoni na uzazi: maswali mnayoniuliza sana hapa Dodoma, pamoja na yale ya mikutano ya kisayansi

Nafundisha fiziolojia kwa vijana wanaosomea unesi na utabibu, na kila nikigusa mada ya homoni za ubongo na uzazi meseji zinamiminika, wengine wako Kondoa, wengine Mpwapwa, wengine hapa hapa Nkuhungu. Nimeona niyaweke maswali yote sehemu moja. Sijayapanga kwa umuhimu, na mengine nimejibu kwa kirefu zaidi kwa sababu ndio yanayotuumiza huku kwetu.

Hivi ubongo unahusikaje na kupata mtoto? Si mambo ya kizazi hayo?

Kizazi kinapokea amri tu. Chini kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo inaitwa haipothalamasi, pale kuna nyuroni (seli za ubongo) zinazotoa homoni ya GnRH, homoni hiyo inashuka kwenye vimishipa vidogo vya damu mpaka kwenye tezi ya pituitari, pituitari nayo inatoa homoni za LH na FSH, na hizo mbili ndio zinasafiri na damu mpaka kwenye ovari za mwanamke au korodani za mwanaume. Yai kukomaa, yai kutoka, mbegu kutengenezwa, estrojeni ya kike, testosteroni ya kiume, vyote vinasubiri hiyo amri ya juu. Na cha kushangaza nyuroni zenyewe za GnRH kwa binadamu ni chache sana, kama elfu moja na kitu mpaka elfu mbili hivi, kwenye ubongo wenye nyuroni karibu bilioni 86. Zikikorofisha hizo, hata kama kizazi ni kizima na mirija haijaziba, mtoto hapatikani.

Ndio maana inaniuma nikikutana na dada ambaye miaka yote anaambiwa akasafishe kizazi, ameshakunywa kila mzizi, amebandikwa majina ukweni, na hajawahi kutolewa damu apimwe homoni hata moja. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa ripoti 2023 kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 duniani hupitia ugumba kwenye maisha yake, kwa hiyo sio laana ya ukoo wa mtu.

Hiyo mikutano ya kimataifa ni ipi na wanaenda kufanya nini?

Mkubwa kwenye fani hii ni Kongamano la Kimataifa la Nyuroendokrinolojia (elimu ya ubongo na homoni), ICN kwa kifupi, linafanyika kila baada ya miaka 4. Lilikuwa Sydney 2014, Toronto 2018, Glasgow 2022. Alafu kuna midogo ya mada moja moja, mfano wanasayansi wa kispeptini (nitaieleza chini) walikutana Córdoba kule Hispania 2008, wakakutana tena Tokyo 2012.

Asubuhi kunakuwa na mihadhara mikubwa ukumbini, baadae mihadhara mifupi ya vijana, mtu anapewa kama dakika 10 au 15, na mchana kunakuwa na mabango. Mimi naona sehemu ya mabango ndio yenyewe. Mwanafunzi anasimama mbele ya bango lake, chai mkononi inapoa, anakuja profesa ambaye umesoma makala zake darasani, anainama kwenye grafu yako anauliza mbona wanyama wako ni wachache hivi, mbona hukupima usiku, na ndani ya dakika 5 umepata ushauri ambao ungeusubiri kwa imeili mwaka mzima. Watu wanabishana kweli pale. Halafu wanatoka na kazi ya pamoja.

Kispeptini ni kitu gani?

Ni protini ndogo inayotoka kwenye nyuroni za haipothalamasi na kazi yake ni kuziamsha zile nyuroni za GnRH. Jeni yake iligunduliwa 1996 huko Hershey, Pennsylvania, na watu waliokuwa wanatafiti saratani ya ngozi, hata hawakuwa na habari na uzazi, wakaipa jina kutokana na chokoleti zinazotengenezwa mji huo. Ikakaa kama mambo ya saratani tu mpaka 2003, ndipo timu mbili, moja Paris ya Nicolas de Roux na nyingine Boston ya Stephanie Seminara, kila moja kivyake, zikakuta kwamba kuna familia ambazo watoto wao hawabalehe kabisa, na tatizo ni kipokezi cha kispeptini kimeharibika kwenye jeni zao. Hapo fani nzima ikageuka. Miaka mitano baadae ndio wakakaa Córdoba kuulizana wamefika wapi, na kufikia 2014 timu ya Imperial College ya London ilikuwa imeshachapisha matokeo ya kutumia kispeptini kupevusha mayai ya wanawake wanaofanyiwa IVF, yaani yai kurutubishwa nje ya mwili.

Hapana, haiuzwi duka la dawa. Akija mtu anakuuzia kopo la kispeptini mtandaoni achana nae.

Kwa nini mnasisitiza sana mapigo? Homoni si homoni tu?

Hili swali nalipenda kuliko yote. GnRH haitoki kama maji ya bomba, inatoka kwa mapigo. Kwa mwanamke, siku za kabla yai halijatoka, pigo linakuja kila dakika 60 mpaka 90 hivi, yai likishatoka yanapungua kasi, yanakuja baada ya masaa kadhaa.

Mwaka 1978 timu ya Ernst Knobil ilichapisha majaribio ya kima wa rhesus ambao sehemu ya ubongo inayotoa GnRH ilikuwa imeharibiwa. Wakawapa GnRH kwa dripu mfululizo bila kukatiza, LH na FSH zikashuka zikabaki chini. Wakabadilisha, wakawa wanaitoa kidogo mara moja kila saa, LH na FSH zikarudi. Dawa ile ile, mnyama yule yule, kilichobadilika ni mwendo tu. Ni kama kupiga hodi, ukigonga ukasubiri mwenyeji anakuja kufungua, ukigonga bila kupumzika anafunga na komeo.

Na hii sio habari ya kima tu. Mzee wako mwenye saratani ya tezi dume anayechomwa goserelini au leuprolidi kila mwezi au kila miezi mitatu, anachomwa dawa ya jamii hiyo hiyo ya GnRH, ila imetengenezwa itoke mfululizo mwilini ili pituitari ifunge na testosteroni ishuke kwa sababu saratani ile inakula testosteroni. Wiki ya kwanza kwanza testosteroni inapanda kabla haijashuka, ndio maana daktari huwa anampa na vidonge vingine vya kuanzia, asiviache. Upande wa pili, mtu ambaye ubongo wake hautoi GnRH anaweza kuvalishwa pampu ndogo inayompa kwa mapigo, na akapata mtoto. Molekuli moja, inazuia huku na inazalisha kule. GnRH yenyewe muundo wake ulijulikana 1971 baada ya mashindano makali kati ya Andrew Schally na Roger Guillemin, walisaga vipande vya ubongo wa nguruwe na kondoo kwa maelfu kwa maelfu kupata tone la homoni, na 1977 wakapewa tuzo ya Nobeli pamoja na Rosalyn Yalow aliyebuni njia ya kupima homoni kwenye damu.

Mimi mfugaji wa Bahi, hizi habari za maprofesa zinanihusu nini?

Zinakuhusu sana tu. Ng'ombe wetu wa kienyeji wenye nundu joto lao ni fupi, dalili zake ni hafifu na mara nyingi linakuja usiku, asubuhi unafungua zizi mambo yameshapita. Mtaalamu wa uhimilishaji (kumpandisha ng'ombe kwa mbegu ya mtungi) anakuja na mtungi wake wa naitrojeni amechelewa, hela imeenda. Mwaka 1995 watafiti wa Wisconsin walichapisha ratiba inayoitwa Ovsynch: siku ya kwanza ng'ombe anachomwa GnRH, baada ya siku 7 anachomwa prostaglandini, baada ya siku 2 hivi GnRH tena, na kati ya masaa 16 na 20 baada ya hapo anahimilishwa bila hata kusubiri kuona joto. Ni ile ile GnRH ya akina Schally.

Lakini sikiliza, kuna jambo wanaouza sindano hawalisemi. Mwezi wa kumi huku kwetu majani yameisha, ng'ombe mbavu zinahesabika, ubongo wake umeshapunguza mapigo ya GnRH kwa sababu hana akiba ya kubeba mimba. Ukimchoma hali iko hivyo unatupa hela. Mlishe kwanza, tunza mabua ya mtama na uwele baada ya mavuno, mpe madini, mvua zikishika na mwili ukirudi ndio uongee na bwana mifugo habari ya sindano. Kwa ushauri wa mbegu na koo, kituo cha utafiti wa mifugo Mpwapwa kipo hapo hapo mkoani, ng'ombe aina ya Mpwapwa alitengenezwa pale.

Na tafadhali, prostaglandini inapenya kwenye ngozi. Mama mjamzito asiishike, inaweza kutoa mimba, na mwenye pumu nae akae mbali. Vaa glavu.

Ni kweli kunyonyesha kunazuia mimba au ni maneno ya bibi?

Ni kweli lakini kwa masharti, na masharti yenyewe yalitoka kwenye mkutano. Agosti 1988 wanasayansi walikutana Bellagio, Italia, wakaweka mezani tafiti za nchi mbalimbali, wakakubaliana: mama ambaye hajaona siku zake tangu ajifungue, ananyonyesha tu au karibu na hivyo, na mtoto hajafikisha miezi 6, ana kinga ya zaidi ya asilimia 98. Yote matatu kwa pamoja. Moja likivunjika kinga imevunjika.

Inafanyaje kazi: mtoto akivuta chuchu taarifa zinapanda mpaka kwenye ubongo, mapigo ya GnRH yanavurugika, yai halitoki. Kwa hiyo ukianza kumpa uji wa ulezi mtoto wa miezi mitatu ananyonya kidogo, au usiku unamlaza kwa bibi yake, ile taarifa inapungua na unaweza kushika mimba kabla hata hujaona damu. Kina mama wengi wanashtukia hapo. Miezi 6 ikikaribia nenda kliniki uchague njia nyingine mapema.

Natokwa maziwa na sijazaa, na siku zangu zimekata. Nimerogwa?

Hapana dada. Kwanza pima mimba, usicheke, ndio kipimo cha kwanza. Kama huna mimba basi kinachofuata ni prolaktini.

Prolaktini ni homoni ya maziwa, inatoka pituitari na ubongo unaishikilia muda wote kwa kemikali yake inayoitwa dopamini. Chochote kinacholegeza dopamini kinaiachia prolaktini, ikipanda inazima kispeptini, kispeptini ikizimika GnRH inanyamaza, hedhi inakata. Vinavyolegeza ni pamoja na dawa: haloperidoli, kloropromazini, risperidoni, hata metoklopramidi ya kutapika ukiitumia mfululizo. Hapa Dodoma tuna Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, kwa hiyo tuna ndugu wengi wanaotumia hizo dawa na wanaendelea vizuri, alafu dada wa watu anakaa miaka haoni siku zake, anaogopa kusema, mwisho anaziacha dawa kimya kimya na ugonjwa unarudi. Usiache dawa. Mwambie daktari wako neno kwa neno, "siku zangu zimekata na maziwa yanatoka", anaweza kupunguza dozi au kukubadilishia.

Sababu nyingine ni tezi ya shingo kufanya kazi chini ya kiwango, hivyo TSH, homoni ya pituitari inayoiamrisha tezi hiyo, nayo ipimwe. Na nyingine ni uvimbe mdogo kwenye pituitari, mara nyingi hauna saratani na unasinyaa kwa vidonge vya kabagolini au bromokriptini bila kupasuliwa. Ukiona unaumwa kichwa sana na macho hayaoni pembeni, yaani unagonga mlango kwa bega kwa sababu hukuuona, hiyo usisubiri mwezi uishe, nenda hospitali kubwa. Damu ya prolaktini itolewe ukiwa umetulia maana presha na kukimbizana na bodaboda vinaipandisha, ikitoka juu kidogo tu irudiwe kabla hujaanza kulia.

Dada yangu alitoka damu nyingi akijifungua, akapona, ila maziwa hayakuja kabisa na hedhi haijarudi. Wanasema mtoto alikuwa na gundu.

Hili nataka lisomwe na kila nesi wa wodi ya wazazi.

Wakati wa ujauzito pituitari inakua, inahitaji damu zaidi, na mishipa inayoilisha ina presha ndogo. Mama akivuja damu nyingi na presha ikaanguka, tezi inaweza kukosa damu na sehemu yake ikafa. Daktari Harold Sheehan wa Uingereza aliandika habari hii 1937 na tatizo linaitwa kwa jina lake mpaka leo. Dalili ya kwanza ni maziwa kutokuja. Alafu hedhi hairudi, nywele za sehemu za siri alizonyolewa hazioti tena, anachoka, anasikia baridi hata kwenye jua la Oktoba, presha iko chini, sukari inashuka. Familia inasema mvivu, mume analalamika, na mama anaweza kuishi hivyo miaka mpaka siku apate homa au malaria ya kawaida aanguke ghafla, kwa sababu mwili hauna homoni ya kotisoli ya kuhimili ugonjwa.

Na inatibika kwa vidonge vya bei ya kawaida kabisa. Anarudishiwa homoni zinazokosekana, na utaratibu una umuhimu wake: kotisoli kwanza (haidrokotisoni au predinisoloni), ndipo ya tezi ya shingo. Ukianza na ya tezi ya shingo wakati kotisoli hakuna unaweza kumuangusha. Kwa hiyo nesi, mama aliyetoka damu nyingi siku ya tatu ya nne titi bado limelala, usiishie kumwambia anywe uji wa pilipili manga na supu. Andika kwenye faili, mpe tarehe ya kurudi.

Bora zaidi ni kuzuia damu yenyewe. Oksitosini nayo ni homoni ya ubongo, mwili unaitengeneza haipothalamasi, na ile ya sindano tunachoma yuniti 10 mtoto akishatoka. Inatakiwa ikae kwenye nyuzijoto 2 mpaka 8. Zahanati ambayo friji imezima wiki nzima na Dodoma yetu hii joto la mchana mnalijua, ile dawa inaonekana vizuri kwenye kichupa lakini nguvu imeisha. Kuna kabetosini inayovumilia joto, WHO iliipendekeza 2018 kama moja ya dawa za kuzuia damu nyingi. Na 2023 ulitoka utafiti mkubwa wa hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa Tanzania, walikuwa wanapima damu kwa mfuko wenye mistari badala ya kukadiria kwa macho na kutoa matibabu yote kwa pamoja bila kusubiri moja baada ya jingine, damu nyingi ya hatari na madhara yake vikapungua kwa asilimia 60. Hapo Watanzania hatukuwa wasikilizaji, data zimetoka wodini kwetu.

Mbona kila siku wanawake? Wanaume je?

Mfumo ni ule ule, na makosa makubwa ninayoyaona kwa vijana wa jimu ni sindano za testosteroni. Kijana anachoma apate kifua, ubongo unapima damu unaona testosteroni imejaa, unaacha kutuma LH na FSH, korodani zinasinyaa, mbegu zinapungua mpaka zinaweza kufika sifuri. WHO walishawahi kujaribu sindano za testosteroni za kila wiki kama uzazi wa mpango wa wanaume, matokeo yakachapishwa 1990, na wengi wao mbegu ziliisha kabisa. Sasa wewe unachoma kitu kile kile na mwezi huo huo unatafuta mtoto na mkeo. Ukiacha mbegu nyingi hurudi, ila zinaweza kuchukua miezi mingi, wengine hata zaidi ya mwaka. Kwa hiyo kaka usione aibu kumwambia daktari.

Kuna utafiti mmoja naupenda, wa 2009, ulifanyika karibu na Ziwa Eyasi, ukalinganisha Wahadzabe na Wadatoga. Wahadzabe wenye watoto, ambao desturi yao baba anamshika na kumlea sana mtoto, walikuwa na testosteroni chini kuliko Wahadzabe wasio na watoto. Kwa Wadatoga, ambao mtoto mdogo ni kazi ya mama zaidi, tofauti hiyo haikuonekana. Yaani kulea kunaonekana kuendana na homoni za baba. Watu wanausoma Ulaya na Marekani, na sisi tulio masaa machache kutoka pale wengi hatujausikia.

Binti yangu ana miaka 15 hajavunja ungo. Na wa jirani ameanza matiti na miaka 7.

Wote wapelekwe. Kwa msichana, bila dalili yoyote ya matiti akifika miaka 13, au bila hedhi akifika 15, achunguzwe. Mvulana ambaye korodani hazijaanza kukua akiwa na 14 vile vile. Upande wa mapema, matiti kabla ya miaka 8 kwa msichana, na dalili za kubalehe kabla ya 9 kwa mvulana.

Kuchelewa mara nyingi ni lishe duni, selimundu, au ugonjwa wa muda mrefu, na wengine ni ukoo tu wanachelewa wote. Lakini kuna wachache ambao nyuroni za GnRH hazikufika ubongoni. Hizi nyuroni mtoto akiwa tumboni zinaanzia puani na kusafiri mpaka kwenye ubongo, zikikwama njiani mtoto anazaliwa hanusi na habalehe, inaitwa hali ya Kallmann tangu 1944. Kwa hiyo mwambie afumbe macho, msogezee kitunguu kinachokaangwa au kahawa, uliza anasikia harufu gani. Kama hajawahi kusikia harufu maisha yake yote mwambie daktari, itamuokolea muda mrefu. Na msimharakishie unyago wala jando ili "achangamke", mwili hausukumwi hivyo, na yule wa miaka 7 ni mtoto mdogo tu hata kama kifua kimetoka, alindwe kama mtoto.

Mama yangu ana miaka 52 anaungua joto usiku, na hili ni la ubongo?

Ndio. Nyuroni zile zile za kispeptini zinatoa pia kitu kinaitwa nyurokinini B, estrojeni ikiisha zinachachamaa na ziko jirani na sehemu inayopima joto la mwili. Ndio maana 2023 Marekani walipitisha dawa ya fezolinetanti inayozuia nyurokinini B, bila kutumia estrojeni.

Stresi na njaa vinaweza kukata hedhi?

Vinaweza. Mafuta ya mwilini yanatoa leptini, iligunduliwa 1994, na ubongo unaitumia kujua kama kuna akiba. Akiba ikiwa ndogo, au mtu anakimbia mazoezi makali bila kula ya kutosha, au ana msongo mkubwa, mapigo ya GnRH yanapungua. Wanafunzi wa bweni wanaokula mara moja kwa siku wakati wa mitihani wananiletea hili swali kila muhula. Kula kwanza, na kipimo cha mimba kisisahaulike.

Nataka kwenda kwenye hiyo mikutano, naanzia wapi?

Anza na data, sio tiketi. Na data ziko mlangoni kwako. Kina mama waliotoka damu nyingi, wangapi maziwa yalichelewa? Wagonjwa wanaotumia dawa za akili, wangapi hedhi imekata? Ng'ombe wa kijiji kimoja, kati ya ndama na ndama inapita miezi mingapi, na mvua ilikuwaje? Hakuna kati ya hayo linalohitaji mashine ya mabilioni. Lazima upate kibali cha maadili kwanza, kwa tafiti za afya ni chuo chako au NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), usikusanye kwanza ukaomba baadae.

Ukishapata matokeo unaandika muhtasari, kawaida maneno 250 mpaka 350, unatuma miezi kadhaa kabla. Ukikubaliwa hapo hapo omba msaada wa safari, mikutano mingi ina ada nafuu kwa wanafunzi na kwa wanaotoka nchi zetu, na IBRO, shirika la kimataifa la utafiti wa ubongo, huwa linatoa ruzuku. Kuna pia SONA, chama cha wanasayansi wa ubongo wa Afrika, mikutano yake inafanyika barani humu humu, kwa mara ya kwanza naona ni pazuri zaidi.

Viza ndio inayokwamisha watu wetu. Balozi nyingi bado ziko Dar, hivyo hesabu na nauli ya SGR kwenda kuchukuliwa alama za vidole, na anza mara tu ukipata barua ya mwaliko. Bango chapisha kwenye kitambaa, saizi ya A0 ni sentimita 84 kwa 119, kitambaa unakikunja kwenye begi na la karatasi litapondeka kwenye ndege. Kingereza chako kikiwa cha kawaida hakuna shida, Wajapani na Wahispania nao wanaongea chao na watu wanawasikiliza kwa sababu ya grafu.

Nimepata imeili imenisifia sana na kunialika kuwa msemaji mkuu Dubai, nilipe?

Usilipe. Mkutano wa kweli una kamati yenye majina unayoweza kuyatafuta kwenye machapisho, una chama nyuma yake, na hauchanganyi uzazi, nyuklia na utalii kwenye ukumbi mmoja. Wakikupa siku mbili kulipa, au muhtasari wako umekubaliwa baada ya saa moja, achana nao. Muoneshe msimamizi wako kabla hujatoa hata shilingi.

Dodoma tunaweza kuandaa mkutano kama huo?

Naamini tunaweza. Kumbi zipo, UDOM ipo, Hospitali ya Benjamin Mkapa ipo, Mirembe ipo, watafiti wa mifugo wako Mpwapwa, treni inaleta wageni kutoka Dar. Kinachopungua ni maabara za kupima homoni na mafriza ya nyuzi 80 chini ya sifuri yasiyokatikiwa umeme. Ila nisingesubiri hayo. Ningeanza na siku moja tu, kwa Kiswahili, nesi wa Chamwino aongee habari ya maziwa yasiyotoka, bwana mifugo wa Kongwa aongee habari ya joto la ng'ombe, wanafunzi wabandike mabango ukutani, na mtu mmoja wa kutoka nje aunganishwe kwa video. Wanaongelea tezi moja na hawajawahi kukaa chumba kimoja.

Sisi tunatafuta mtoto mwaka wa pili sasa, tuanze na vipimo gani?

Nendeni wote wawili. Mwanaume anapimwa mbegu, baada ya kukaa siku 2 mpaka 7 bila kumwaga, ni kipimo rahisi na kinaweza kumuokoa mkewe na mateso mengi. Mwanamke: mimba, prolaktini, TSH, FSH na LH zikichukuliwa siku ya 2 mpaka ya 5 ya hedhi, na projesteroni siku kama 7 kabla ya hedhi inayofuata ili kujua kama yai lilitoka. Altrasaundi na kipimo cha mirija vinafuata kutegemea na yaliyoonekana. Kama mna bima ulizeni dirishani kabla ni vipi vinalipiwa, orodhesheni dawa zote mnazotumia pamoja na za miti shamba na za jimu, na karatasi za vipimo vya zamani msiziache nyumbani.